VICHEZEO VYA WATOTO NI AMANA, SI MAPAMBO

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baad:

Kila ikaribiapo sikukuu ya Idd, maduka ya miji yetu ya pwani hujaa vichezeo vya kila rangi na kila namna: magari yendayo yenyewe, wanasesere waliao na kucheka, bastola za plastiki zitoazo sauti na mwanga, na vidude vingine ambavyo hata muuzaji hawezi kueleza vina kazi gani. Baba hutoa shilingi zake, mtoto hupokea akafurahi, na baada ya siku tatu kitu kile kimekwisha vunjika au kimetupwa uvunguni, na mtoto ataka kingine. Jambo hili limekuwa la kawaida hata hakuna alifikiriye. Walakini katika darsa yetu limezuka suala ambalo twaona lastahili kuwekwa mbele ya ndugu zetu: Je, kumchagulia mtoto kitu cha kuchezea ni jambo dogo la sokoni, kila mtu afanye apendavyo, au ni sehemu ya malezi ambayo mzazi ataulizwa juu yake mbele ya Mwenyezi Mungu?

Sisi twasema ni sehemu ya malezi. Kwani mtoto mdogo hutumia sehemu kubwa ya saa zake za kuwa macho katika kucheza, na haimkini saa hizo zote ziwe nje ya amana tuliyopewa.

Watu katika jambo hili wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili, kwa maoni yetu, yameiacha njia ya kati na kati. Kundi la kwanza ni la wale waonao kwamba mchezo wote ni upuuzi, na kwamba mtoto wa Kiislamu hana lake ila chuo, skuli na usingizi. Akionekana na pia au tiara hunyang'anywa. Akionekana na mwanasesere huambiwa hiyo ni sanamu, malaika hawaingii nyumba ile. Kundi la pili ni la wale wanunuao kila kilichoko dukani bila ya kuuliza kitamfanya nini mtoto, kwa sababu jirani amenunua, au kwa sababu mtoto amelia. Kundi la kwanza lamnyima mtoto haki yake. La pili lampa kitu badala ya haki yake.

Tuanze na la kwanza. Lau mchezo wa mtoto ungekuwa ni upuuzi wa kukatazwa, mtu wa kwanza kuukataza angekuwa Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.). Lakini tukivifungua vitabu vya Hadithi twaona kinyume chake. Bibi Aisha (R.A.) amehadithia, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume, na kwamba rafiki zake waliokuwa wakicheza naye walikuwa wakijificha kwa haya Mtume aingiapo, naye akiwarudisha kwa Bibi Aisha wapate kuendelea na mchezo wao. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa ya kwamba Mtume aliporejea kutoka safari moja ya vita, upepo uliinua pazia, akawaona wanasesere wale, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya matambara. Akauliza: farasi naye huwa na mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha habari za farasi wa Nabii Suleiman waliosimuliwa kuwa na mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana.

Natukitazame kisa hiki kwa makini. Farasi yule hakuwa na ufunguo wa kutiwa wala chombo cha kumwendesha. Mbawa zake zilikuwa ni tambara tu, na kilichomrusha ni akili ya aliyekuwa akimchezea. Na Mtume hakumsahihisha Bibi Aisha kwa kumwambia kuwa farasi hawaruki. Aliuliza, akasikiliza jawabu, akafurahi. Basi katika kisa hiki kifupi mna mambo mawili ambayo maneno yetu yote ya leo yazunguka juu yake: kichezeo kilichomwachia mchezaji kazi ya kufanya, na mkubwa aliyetua akauliza na kusikiliza.

Wala si kisa hicho peke yake. Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim pia, kwamba walipokuwa wakifunga siku ya Ashura waliwafungisha na watoto wao, wakawafanyia kichezeo cha sufi, mtoto akililia chakula, humpa kichezeo kile mpaka wakati wa kufuturu ufike. Na Anas bin Malik (R.A.) amesimulia habari za ndugu yake mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kijindege chake akikichezea, kijindege kikafa, naye Mtume akamwuliza mtoto yule, kwa upole na kwa jina lake la heshima, habari za kijindege chake. Kiongozi wa umma mzima hakuona kuwa huzuni ya mtoto kwa kijindege ni jambo dogo lisilomstahilia. Nasi tu nani hata tuone haya kukaa chini na mtoto?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye ameandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema apate kupumzika. Na kwamba kumzuia mchezo na kumlemea kwa masomo bila ya kikomo huua moyo wake, huharibu akili yake, na humfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Mwanachuoni huyu hakuwa mtu wa mzaha. Walimu wa vyuo wanaolalamika kwamba watoto hutoroka, pengine jawabu yao wameandikiwa miaka mia tisa iliyopita.

Ama wanaosema kuwa mwanasesere ni sanamu, twawajibu kwamba wanazuoni wengi, kama alivyonakili Kadhi Iyadh, wamevitoa vichezeo vya watoto katika katazo la sanamu kwa Hadithi hiyo ya Bibi Aisha. Na wako waliosema kuwa ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Atakaye kujizuia kwa kufuata kauli hii ya pili hatumlaumu, maadamu ampe mtoto wake kitu kingine cha halali. Tumlaumuye ni yule anyang'anyaye asirudishe kitu, akadhani ameihami dini.

Sasa tuangalie mchezo humfanyia nini mtoto, kwani tusipolijua hilo hatuwezi kuchagua. Mpe mtoto wa mwaka mmoja na nusu vifuu viwili na ndoo ndogo ya mchanga, ukae karibu naye. Atajaza, atamwaga, atajaza tena, hata wewe uchoke kutazama kabla yeye hajachoka kufanya. Katika kazi ile ajifunza kizito na chepesi, kikubwa na kidogo, na kwamba akifanya hivi hutokea vile. Watazame watoto wa miaka minne wakicheza kupikapika, mmoja amekuwa mama, mmoja mgeni, mmoja muuza samaki. Wajifunza maneno ambayo hakuna aliyewafundisha, wajifunza kungoja zamu, kumkaribisha mgeni, na kuzuia hasira ili mchezo usivunjike. Mtazame na mvulana wa miaka tisa aundaye gari la waya. Hupima kwa jicho, hukunja, hukosea, hukunjua, hutafuta kizibo au kipande cha ndara cha kufanyia gurudumu, hata mwisho huufunga usukani mrefu akakimbia nalo mtaani. Hakuna duka lililomuuzia akili ile. Na mfano wake ni kititia cha ukuti kizungukacho kwa upepo, tiara ya karatasi na chelewa, kidau cha kumbi kielezwacho pwani maji yakijaa, na mpira wa matambara na kamba. Wazee wetu hawakuviita hivi vyombo vya elimu, lakini vilikuwa ndivyo.

Na hekima hii haikuwa ya watu wa pwani peke yao. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg chuo chake cha watoto wadogo, aliwapa mipira ya sufi na vipande vya mbao vya kujengea. Daktari wa Kitaliani, Maria Montessori, alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, aliwapa vitu vyepesi vya mbao na vyombo vya kweli vya kazi za nyumbani kwa kadiri ya mikono yao. Na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipotoa mwaka 2019 uongozi wake juu ya kuchagua vichezeo, muradi wa maneno yake ulikuwa ni kwamba kichezeo bora si lazima kiwe cha bei kubwa wala cha umeme, bali ni kile kilichomwafiki mtoto kwa umri wake, na kilichomkutanisha na mlezi wake kwa mazungumzo na kucheza pamoja. Tumeyataja haya si kwa kuwa Sunna yahitaji shahidi kutoka Ulaya au Marekani, bali kwa ajili ya wale ndugu zetu wadhanio kwamba cha kisasa ni lazima kiwe na betri.

Kwa hivyo mizani yetu ni hii, nayo yaweza kuchukuliwa na mtu yeyote mpaka dukani: Mbele ya kitu hiki, nani afanyaye kazi? Ikiwa mtoto ndiye ajengaye, asemaye, aundaye na afikiriye, basi kitu hicho ni kichezeo. Ikiwa kitu ndicho kisemacho, kiendacho na kiimbacho, na mtoto kazi yake ni kubonyeza na kutazama, basi kitu ndicho kichezacho, na mtoto amefanywa mtazamaji. Haishangazi basi kuwa mtoto hukichoka upesi. Kitu kijuacho kufanya jambo moja tu, likishaonekana mara kumi hakina tena la kusema. Lakini kipande cha mbao leo ni gari, kesho ni jahazi, kesho kutwa ni mnara wa msikiti.

Kutokana na hapo ndipo twapata makosa ya kundi la pili. Wao wadhani kwamba wingi ni wema. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa huko Marekani mwaka 2018, watoto wadogo 36 walitazamwa wakicheza, mara moja mbele ya vichezeo 4 na mara nyingine mbele ya vichezeo 16. Ilionekana kuwa walipokuwa na vichache walidumu na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa njia nyingi zaidi. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2016 kutoka Arizona, uliwachukua wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16, wakasikilizwa majumbani mwao. Kichezeo cha umeme kilipokuwa kikisema, mzazi alisema maneno machache zaidi na alimjibu mtoto mara chache zaidi kuliko walipokuwa na kitabu au vichezeo vya kawaida. Idadi ya watu hawa ni ndogo, wala hatujengi juu yao hukumu ya ulimwengu mzima. Lakini maana yake yafahamika kwa mwenye akili. Kitu kikimsemea mzazi, mzazi hunyamaza.

Na katika vitu vyote vimnyamazishavyo mzazi, hakuna kilicho na nguvu leo kama simu. Siku hizi mtoto ambaye hajajua kusema "maji" ajua kutelezesha kidole juu ya kioo. Shirika la Afya la Ulimwengu lilipotoa uongozi wake mwaka 2019 lilisema kuwa mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha kutazama, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Sisi hatusemi kuwa simu ni haramu. Ndani yake mna Kur'ani na elimu na sauti za jamaa walio mbali. Twasema kuwa mkononi mwa mtoto mchanga yachukua mahali pa mtu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Mara nyingi tumnunuliapo mtoto kitu, hatumnunulii yeye, bali twajinunulia nafsi zetu kimya. Twampa ili asitusumbue. Kichezeo hugeuka kuwa fidia: baba hatoi saa yake, hutoa shilingi zake, mama hatoi sikio lake, hutoa kioo. Na mtoto, ambaye hajui hesabu za fedha, ajua vizuri sana hesabu za uso wa mzazi wake. Yeye aliomba kuchezwa naye, akapewa kitu cha kuchezea peke yake.

Huenda ndugu mmoja akasema: "Maneno haya ni ya watu wenye nafasi. Mimi natoka alfajiri na kurudi usiku, na mke wangu yuko jikoni, na watoto ni watano." Hoja hii ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini hatukutaja siku nzima. Robo saa baada ya sala ya Isha, simu imewekwa kando, baba amekaa mkekani akamwuliza mtoto jahazi lake laenda wapi na limepakia nini, hiyo yatosha kuwa ni malezi. Na mama aliye jikoni aweza kumpa mtoto bakuli la maharage ayachague makubwa na madogo, akasema naye huku akisonga ugali. Tena watoto watano ni neema katika jambo hili. Mkubwa amfundisha mdogo, na hakuna kichezeo kilicho bora kuliko mtoto mwenziwe. Asiye na shilingi hakukosa kitu kikubwa hapa, kwani vilivyo bora ni kifuu, mchanga, ukuti na hadithi ya bibi.

Na mwingine atasema: "Mimi niko Uarabuni kwa ajili ya riziki, na mwaka mzima sina la kumpa mwanangu ila sanduku nimpelekealo." Huyu twamwombea kheri, na sanduku lake lisidharauliwe, kwani ni jasho na ni mapenzi. Shauri letu kwake ni kwamba asitume kitu peke yake bila ya sauti yake. Achague kitu cha kujengea au kitabu cha picha ambacho bibi au shangazi aliye nyumbani aweza kukishiriki pamoja na mtoto. Na apigapo simu, asimwulize tu kama amekipenda, bali amwulize amejenga nini, amemjengea nani, na jana kilianguka vipi. Masuala hayo matatu ni zawadi zaidi ya kile kilichomo sandukuni.

Yamebaki mambo ambayo mzazi hana budi kuyaangalia kabla ya kununua. La kwanza ni salama ya mwili, kwani kujitia katika maangamizi kumekatazwa, na kumtia mtoto ndani yake ni zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani, basi asipewe kitu chenye vipande vidogo viwezavyo kumkaba koo. Betri ndogo za bapa, mfano wa kifungo, zikimezwa zikakwama zaweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili. Mtoto akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja, asingojewe. Na rangi za vichezeo vya bei ya chini pengine huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto, na wataalamu hawakupata kiasi chake kisichodhuru. Katika mlango huu wahenga walisema kweli: rahisi ghali.

La pili ni salama ya tabia. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwelekezea nduguye chuma hata kwa mzaha, basi yafaa tufikiri kabla ya kumpa mtoto bastola siku ya Idd na kumchekea amlengapo mwenziwe. Na mchezo wowote ambao mtoto hutoa peni yake kwa kutazamia bahati, ukiwa mezani uwanjani au ukiwa ndani ya simu, ni mlango wa kamari, na kamari imeharamishwa kwa nassi ya Kur'ani. Samaki mkunje angali mbichi.

La tatu ni uadilifu. Mtume amewaamrisha wazazi wafanye uadilifu baina ya watoto wao katika vipawa. Asipewe mvulana vitu vya kujengea na kufikiri, na msichana akapewa vyombo vya jikoni peke yake, kana kwamba akili imeumbiwa mmoja wao. Wala asikatazwe mvulana kumbembeleza mwanasesere, kwani yeye naye atakuwa baba. Na katika mtaa akumbukwe yatima na mtoto wa maskini. Kichezeo kinunuliwacho ili watoto wa jirani wakione na kukitamani kimekwisha kumfundisha mtoto wetu kiburi kabla hajakigusa. Na kile awezacho kukicheza pamoja nao kimemfundisha ukarimu bila ya hotuba.

Ndugu zetu, siku za utoto ni chache na hazirudi. Vichezeo vyote vitavunjika, vya bei kubwa na vya bure. Hilo si la kuhuzunikia, kwani kazi yao ni kuvunjika. Yatakayobaki ni yale yaliyojengeka ndani ya mtoto alipokuwa akivichezea: mkono uliojifunza kuunda, ulimi uliojifunza kueleza, moyo uliojua kwamba una mtu wa kuusikiliza. Tuwape watoto vitu vichache, vya salama, vyenye kuwaachia kazi. Kisha tuwape na nafsi zetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na atuafikie katika kuichunga amana hii. Wabillahi taufiq.